Ratiba ya Mlo wa Mtoto: Namna ya Kushindwa kwa Heshima

Hongera kwa mtoto. Wageni wameshakuja na sabuni na kanga, mtori wa mzazi umeshanywewa, na sasa kimebaki kitu kimoja kinachomtenga mzazi wa kawaida na mzazi wa kupigiwa mfano: ratiba ya chakula cha mtoto.

Tuelewane mapema. Ratiba hiyo si ya mtoto. Mtoto hajui kusoma, na akija kujua atakuwa na mambo mengine ya kusoma. Ratiba ni ya wageni, ya mama mkwe, ya wenzako kazini, na ya lile kundi la WhatsApp lenye mzazi ambaye mwanawe, kwa maelezo yake mwenyewe, hulala usiku kucha na kuamka akiomba brokoli. Ukishalikubali hilo, kazi inakuwa nyepesi. Nifuate hatua kwa hatua, na mwongozo huu usimwonyeshe mtu.

Hatua ya kwanza: ichapishe kabla hujaijaribu

Ratiba ya mkono inaonyesha mtu anayehangaika. Iliyochapishwa inaonyesha mtu aliyejipanga. Nenda steshenari, chapisha kwa rangi, kisha waambie waipige lamineti. Plastiki ina faida mbili: uji hauilowanishi, na kalamu haiandiki juu yake. Kitu kikishapigwa lamineti hakibishaniwi tena.

Ibandike kwenye mlango wa friji, usawa wa macho ya mgeni aliyefuata maji ya baridi. Weka safu nne: saa, chakula, kiasi, maoni. Ya maoni iache wazi, ionekane wewe ni mtu wa kufuatilia. Na saa usiziweke nzima nzima. "Saa tatu kamili" ni ya mtu aliyekisia. "Saa 3:10, parachichi, vijiko vinne": hapo mgeni anaanza kujilaumu kwa malezi ya wanawe ambao wameshaoa. Hakuna atakayekuuliza zile dakika kumi zimetoka wapi. Watu wanaheshimu dakika.

Nafasi ikibaki, chora twiga.

Hatua ya pili: ifiche aibu ya miezi sita ya kwanza

Hapa pana tatizo la kiufundi. Kwa miezi sita ya mwanzo, Shirika la Afya Duniani, Wizara ya Afya na kila nesi utakayekutana naye watakuambia jambo moja: maziwa ya mama peke yake, hata maji hapana. Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku ukiwemo, kila anapotaka. Sasa hiyo utaichapishaje? Saa: "akitaka". Chakula: "ziwa". Kiasi: "mpaka aachie". Ukibandika karatasi ya namna hiyo kwenye friji, watu watajua nani ndiye mkuu wa kaya.

Dawa yake ni kutangaza "kila baada ya saa nne". Ukiulizwa ni kwa mamlaka ya nani, mtaje Truby King, daktari wa New Zealand aliyeanzisha jumuiya ya Plunket mwaka 1907 na kuwafundisha akina mama wa kwao, kisha wa Uingereza na kwingineko, kulisha watoto kwa saa ya ukutani: kila baada ya saa nne, na usiku hakuna kitu. Kizazi kizima kikalia kwa utaratibu. Usiseme kwamba alikuwa akisimamia hospitali ya wagonjwa wa akili, wala kwamba alipata hamu ya sayansi ya ulishaji kutokana na ndama wa shamba la hospitali hiyo. Mgeni hahitaji kujua kila kitu. Na Benjamin Spock, yule daktari wa Marekani ambaye kitabu chake cha 1946 kiliwaruhusu wazazi kumsikiliza mtoto, huyo usimtaje kabisa. Ataharibu mambo.

Saa nne hizo zina gharama, nikuambie ukweli. Maziwa hutengenezwa kwa kadiri yanavyonyonywa. Mtoto akinyonya mara nyingi yanaongezeka, akicheleweshwa yanapungua. Utaishika saa yako wiki mbili, maziwa yatapungua, mtoto atalia, shangazi atatoa hukumu kwamba maziwa yako ni mepesi hayamshibishi, utanunua kopo. Na ubavuni mwa kopo utakuta nini? Ratiba. Ya rangi, yenye vijiko na mililita. Umefika ulikokuwa unakwenda, ila sasa unalipia kila wiki. Mkutano wa Afya Duniani uliiona biashara hiyo mapema. Mwaka 1981 ukapitisha kanuni za kudhibiti uuzaji wa maziwa ya kopo, na Tanzania ina kanuni zake tangu 1994. Shangazi hajazisoma.

Iko njia safi zaidi ya kudanganya. Saa nne ziache pale kwenye friji, nawe umnyonyeshe anapotafuta. Akigeuza kichwa huku na huku, akafungua mdomo, akaanza kuila ngumi yake, basi saa nne zimetimia, hata kama zimetimia ndani ya dakika hamsini. Usisubiri kilio. Kilio ni dalili iliyochelewa, na majirani wanahesabu.

Hatua ya tatu: piga hesabu na mwajiri

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Miezi sita ni kama siku 180. Toa mwenyewe. Zinabaki siku 96 ambazo ratiba inasema "ziwa", na ziwa liko Posta kwenye kikao. Baba naye ana siku zake tatu, zinazotosha kununua beseni na kupiga picha.

Usikate tamaa. Sheria hiyohiyo inamtaka mwajiri ampe anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Kwa anayeishi Upanga, ni neema. Kwa anayeishi Chanika, saa mbili zinamfikisha nusu ya njia, anageuza. Kwa hiyo jifunze kukamua. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa saa nne nje ya friji penye ubaridi wa kiasi, na siku nne ndani ya friji. Ofisi isiyo na kiyoyozi mwezi wa Februari haina ubaridi wa kiasi, kwa hiyo tafuta friji. Chupa iandike jina lako na tarehe, lakini usiandike "maziwa". Kuna mtu wa uhasibu anayekunywa chai saa nne.

Hatua ya nne: uji wenye nafaka nyingi kuliko soko la Tandale

Miezi sita imetimia. Sasa ndiyo unaweza kuringa sawasawa, kwa sababu umefika uwanja wa unga wa lishe, na mchezo wa hapa ni idadi. Jirani ameweka nafaka saba? Wewe weka kumi na moja. Mahindi, mchele, ngano, ulezi, uwele, mtama, soya, karanga, mbegu za maboga, ufuta, na kile kitu ulichouziwa Kariakoo ukaambiwa kinaongeza akili. Peleka mashineni, jaza ndoo, piga picha. Ndoo yenye mfuniko wa rangi hupendeza zaidi.

Wataalamu wa lishe watakukatisha tamaa. Watakuambia mahindi, mchele, ngano na mtama vyote ni wanga, na ukivichanganya vinne bado unao wanga. Watataka unga wa nafaka moja au mbili, karanga zisagwe peke yake na kutiwa wakati wa kupika, soya isikaribie unga kabla haijachemshwa au kukaangwa, halafu pembeni kuwe na yai, dagaa wa kusaga, mchicha, kipande cha papai. Ni kweli tupu. Lakini nani aliwahi kusifiwa kundini kwa nafaka moja?

Hapa naomba kejeli ikae pembeni kidogo. Karanga na mahindi vikihifadhiwa vibaya huota ukungu wenye sumukuvu, na mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu Dodoma na Manyara. Jicho halitoshi kuijua, na kuchemsha uji hakuiondoi. Chambua punje kabla ya kusaga, tupa zilizooza na zilizosinyaa, saga kidogo kidogo, na ndoo ya kukaa miezi mitatu iache kabisa. Na asali, hata kama ni ya Tabora na imeletwa na mjomba mwenyewe, isiguse ulimi wa mtoto kabla hajatimiza mwaka. Inaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo la mtoto mchanga haliviwezi, na sumu yake hulegeza misuli hata ya kupumulia.

Haya, turudi kwenye majivuno.

Idadi ya milo isikusumbue. Kwa mtoto wa miezi sita hadi minane, milo miwili au mitatu kwa siku inatosha, pamoja na kunyonya. Kuanzia miezi tisa ni mitatu au minne, na kitafunwa kimoja au viwili katikati. Ratiba yako ina saba. Si neno. Kipande cha ndizi alichokilamba akakitupa chini ya kochi kiandike "mlo mdogo, saa 5:20". Ukikiokota jioni kikiwa na nywele, huo ni mlo mwingine.

Sasa njia ya mkato inayopendwa kuliko zote: uji mwepesi. Ukiutia maji ya kutosha unapita kwenye chuchu ya chupa, bakuli linaisha kwa dakika tatu, kila mtu anafurahi. Tumbo la mtoto limejaa maji na usiku ataamka kudai deni. Uji wa kushibisha ni ule ambao ukiuchota na kuinamisha kijiko hauporomoki wote. Ukiona mzito mno haumezeki, tia kijiko kidogo cha unga wa kimea cha ulezi, koroga. Utalainika wenyewe bila kuongeza hata tone la maji. Taasisi ya Chakula na Lishe imekihubiri kimea tangu miaka ya 1980. Wachaga walikijua muda mrefu kabla ya hapo, kwa shughuli nyingine.

Hatua ya tano: Bibi anaposhuka kwenye basi la Moshi

Na tukiwa kwa Wachaga, huyo anakuja. Amekuja na mkungu wa mshare kwa ajili ya mtori, na hakupiga simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona mjukuu wangu mwembamba hivi?"

Hajakaa bado. Atampokea mtoto, atampima kwa mkono mmoja, halafu macho yake yatafika kwenye friji. Atatafuta miwani kwenye mkoba, ataipangusa kwa ncha ya kanga, atasogea. Atasoma safu kwa safu, kidole kikishuka taratibu juu ya plastiki, midomo ikicheza. Atafika chini kwa twiga. Atarudi juu. Kisha, bila kugeuka:

"Na kulia kumepangwa saa ngapi?"

Usijibu. Ni swali zuri na halina safu yake.

Usijaribu kumshinda Bibi kwa hoja. Amelea saba bila karatasi, na mmoja wa hao saba umemwoa au umeolewa naye. Mpe cheo. Tafuta stika, andika "Mlo wa Bibi, saa 10 jioni", bandika juu ya plastiki mbele yake. Ukishafanya hivyo, kila atakachomlisha mtoto kuanzia saa mbili asubuhi mpaka usiku ni Mlo wa Bibi, na ratiba yako haijavunjwa hata mara moja.

Kuna mambo mawili tu ya kukaza. La kwanza ni kuonjesha kabla ya miezi sita, pamoja na ndugu zake maji ya sukari na vile vichupa vya kuondoa gesi. La pili ni chai ya rangi, ambayo huzuia mwili kuchukua madini ya chuma kwenye chakula, nacho chuma alichozaliwa nacho mtoto huanza kupungua akifika hiyo miezi sita. Kwa yote mawili mtupie lawama nesi. "Mama, mimi mwenyewe ningempa, lakini nesi amekataza." Nesi hayupo, hawezi kubisha, na Bibi anaheshimu sare.

Kuhusu mtori wenyewe, siri yangu na yako: ndizi iliyopondwa ikawa nzito, yenye nyama iliyosagika ndani yake, inaushinda mbali ule unga wako wa aina kumi na moja. Usimwambie. Atakaa mpaka Desemba, na Desemba utalazimika kumpeleka nyumbani.

Hatua ya sita: mkataba wa kimya na dada

Anayelisha mtoto kwa kweli, mchana, wewe ukiwa kazini, ni dada. Mshahara wake ni mdogo na anajua kila kitu. Jioni utamuuliza, "Amekula?" Atakujibu, "Amekula vizuri." Utaona bakuli limeoshwa, limefunikwa kwenye kabati. Ushahidi umekamilika. Usiulize zaidi.

Ukiuliza zaidi utajua kwamba ile saa 3:10 mtoto alikuwa amelala. Kwamba parachichi lako lililiwa na kaka yake mwenye miaka minne. Kwamba saa saba mtoto alitambaa mpaka kibarazani kwa Mama Asha, akakaa katikati ya watoto wa huko, akala ugali na dagaa kwa mkono wake mwenyewe, tonge baada ya tonge, huku samaki wako wa mvuke akipoa mezani. Watoto wote wa dunia hii hula kwa jirani. Wanapenda kula katikati ya wenzao, wanapenda kujishika wenyewe, na kwa Mama Asha hakuna mtu aliyekaa mbele yao na kijiko na uso wa mtihani. Kwa hiyo mpe Mama Asha kilo ya dagaa mwisho wa mwezi, useme ni zawadi.

Na dada mwongeze mshahara. Hilo si la kejeli.

Hatua ya saba: mgomo wa mwaka wa pili

Siku moja, akikaribia mwaka na miezi, mtoto aliyekuwa anakula kila kitu ataukaza mdomo. Jana alipenda viazi lishe, leo vimemtukana. Utadhani ana minyoo, ana jicho la watu, au dada amebadilisha chumvi. Ukweli ni kwamba kasi ya kukua hupungua baada ya mwaka wa kwanza, na hamu ya kula hupungua nayo. Chakula kigeni kinaweza kuhitaji kuwekwa mbele yake mara kumi au zaidi kabla hajakikubali. Hapo ndipo wazazi huonyesha vipaji.

Kipaji cha kwanza ni ndege: kijiko kinapaa, kinanguruma, kinatua. Uwanja umefungwa. Cha pili ni simu. Weka katuni, mdomo utafunguka wenyewe, utamwaga chakula kama unayetia mafuta kwenye gari linalowaka. Kinafanya kazi vizuri sana mpaka chaji iishe, na baada ya mwezi hatakula tena bila chaji. Cha tatu ni kumlaza mapajani, kumbana pua na kumimina, wapo wanaokisifia. Hicho mimi sikufundishi. Kinaweza kupitisha uji kwenye mapafu, na mtoto aliyelishwa hivyo akiliona bakuli tu anaanza kulia.

Ukitaka kushindwa kisomi, mtaje Clara Davis. Huyu alikuwa daktari wa Marekani, na katika miaka ya 1920 na 1930 alichukua watoto 15 waliokuwa ndiyo kwanza wanaanzishiwa vyakula, akawawekea masinia ya vyakula mbalimbali visivyotiwa chumvi wala sukari, akawakataza wauguzi kubembeleza. Anachokishika mtoto ndicho anachopewa. Asichokitaka hakisogezwi. Watoto wakala mambo ya ajabu. Mmoja alifungua kinywa kwa maini na maji ya machungwa. Wakanenepa, wakawa wazima. Ukishalisimulia hili mbele ya wageni, mwanao anaweza kula ubwabwa mtupu siku tatu na ukaonekana mtafiti.

Usiwamalizie hadithi. Mwisho wake ni kwamba kwenye masinia ya Davis hapakuwa na soda, biskuti wala peremende. Mtoto alichagua atakavyo, ila daktari alishachagua kabla yake. Mwenzake wa baadaye, mtaalamu wa lishe Ellyn Satter, aliugawa mzigo huo vizuri: mkubwa aamue ni chakula gani, saa ngapi na wapi, mtoto aamue kama atakula na kiasi gani. Ukilitazama kwa makini utaona kwamba ile safu yako ya "kiasi" haikuwa kazi yako tangu mwanzo. Ziba kwa stika nyingine.

Hatua ya nane: ijaze jioni

Sasa nakupa siri iliyonileta hapa. Ile ya lamineti iache pale pale, hiyo ni pambo. Tafuta daftari la shule, lile la kurasa arobaini. Kila usiku mtoto akishalala, andika alichokula leo na saa aliyokula. Si alichotakiwa kula. Alichokula. Ugali wa Mama Asha weka. Ndizi ya chini ya kochi weka. Ratiba ya namna hii inafuatwa kwa asilimia mia moja kila siku, kwa sababu imeandikwa baada ya tukio, kama taarifa nyingi za mwisho wa mwaka unazozijua.

Utaona jambo la kuudhi. Baada ya wiki tatu hivi, daftari litaanza kuonyesha utaratibu. Kumbe mwanao hali kitu asubuhi mpaka saa nne, ila akila saa nne anakula sawasawa. Kumbe siku anazokataa cha jioni ni zile alizokunywa chupa ya maziwa saa kumi. Kumbe mboga anazila zikiwa ndani ya wali, hazili pembeni yake. Ratiba ilikuwepo muda wote, anayo yeye, wala hakuwahi kuificha.

Ukishaijua, ichapishe. Sema ni yako.

Hatua ya tisa: mizani

Kuna mahali pamoja ambapo mwongozo huu hauna la kukusaidia, nako ni kliniki. Mtoto anavuliwa nguo zote, anavishwa ile suruali ya mizani, ananing'inizwa huku akipiga kelele, na mshale unasimama unapotaka. Hausomi kilichobandikwa kwenye friji. Nesi atakuuliza, "Anakula nini huyu?" Utaanza kumtajia nafaka, utafika ya sita, naye atakuwa ameshatia nukta kwenye kadi, ameziunga nukta mbili za mwisho, na anautazama mstari. Ukipanda, atasema "haya, mwingine." Ukilala au ukishuka, atakukalisha, na hapo twiga hatakusaidia.

Kalishwa na usikilize. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano nchini wamedumaa, na mikoa iliyoongoza ni Iringa, Njombe na Rukwa, ambayo ndiyo hutulisha mahindi sisi wengine. Kwa hiyo ghala lililojaa si jibu la nesi. Mwambie ukweli wa daftari: kala mara ngapi, kala nini, nani alimlisha. Mwulize na matone ya vitamini A, ambayo huanza akitimiza miezi sita, na umwambie ampime urefu pia kama rula ipo.

Tarehe ya kurudi ameiandika kwenye kadi. Wahi, foleni inaanza mapema. Beba kadi, beba nepi, beba maji ya kwako na maandazi mawili. Ya kwako hayo, maana mtoto atakula ya jirani kwenye benchi.